Wadudu wekundu chini ya mbuyu, Mtama (Lindi): naomba msaada kuwatambua

Mkulima wa Lukuledi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina shamba upande wa Mtama, mkoani Lindi, kwenye bonde la Mto Lukuledi. Mbele nimepanda bamia, katikati mbaazi, na nyuma kuna nyika ya nyasi ambayo hatujawahi kuilima, kwa sababu ina mbuyu mkubwa na bibi yangu hataki uguswe. Tangu mabuyu yaanze kudondoka, nyasi za pale zimejaa wadudu. Ukizipangua kwa mkono unawakuta mamia: wekundu wa tofali lililoiva, mgongoni alama nyeusi, miguu mirefu. Wengi wameungana nyuma kwa nyuma na wanatembea hivyohivyo, mmoja anakwenda mbele, mwenzake anavutwa kinyumenyume. Wadogo zao hawana mabawa na ni wekundu zaidi.

Mwaka jana nilinunua dawa, nikavaa bomba, nikapuliza ukanda wote mpaka ukingoni mwa bamia. Walikufa wengi. Baada ya wiki chache wakawa wamejaa upya, na mbegu za bamia nilizotunza nikapanda zikaota chache mno. Mwaka huu sishiki bomba kabla sijamjua huyu mdudu kwa jina na kwa tabia.

Mwenye ujuzi naomba anisaidie. Picha nimeweka, samahani kwa ukungu, simu yangu haikamati vitu vya karibu.

Nanguruwe Kwetu

Hao ni dundu tu mkuu. Huku kwetu Mtwara vijijini wamejaa pia kila mwaka. Tafuta dawa kali zaidi ya ile ya mwaka jana.

Mwalimu wa Mikindani

Ndugu Nanguruwe, kwa heshima kabisa, hao si dundu. Picha haiko wazi, lakini jambo moja linaonekana hata hivyo: mgongo.

Dundu ana mabawa ya juu magumu kama ganda, na yanakutana kwa mstari mmoja ulionyooka katikati ya mgongo. Huyu mabawa yake yanapishana, moja juu ya jingine, kwa hiyo mgongoni inatokea alama kama herufi X. Nusu ya bawa ni ngumu na ina rangi, nusu ya mwisho ni laini kama karatasi ya nailoni. Wenye mabawa ya namna hiyo wote ni jamii ya kunguni, kundi la Hemiptera. Tukisema kunguni watu wanafikiria kitanda tu, lakini wa kitandani ni mmoja kati ya maelfu. Wengine wako kwenye majani, nyasi, miti, hata majini.

Mleta uzi, rangi nyekundu na nyeusi ni ya wadudu wengi, kwa hiyo usiisimamie. Kamata mmoja kwa chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, usimshike kwa vidole. Mgeuze chali. Nataka kujua mambo matatu: mdomo wake ukoje, juu ya kichwa ana vitone vidogo vya kung'aa katikati ya macho au hana, na tumboni ana rangi gani. Weka na njiti ya kiberiti pembeni tupate kipimo.

Mkulima wa Lukuledi

Shikamoo mwalimu. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Nilikwenda sokoni nikaazima lenzi kwa fundi saa, ile anayoibana jichoni. Nimekaa nayo chini ya mbuyu tangu saa kumi mpaka jua linazama.

Mdomo ni mrija. Unaanzia mbele ya kichwa, unakunjwa chini, unalala sawasawa juu ya kifua katikati ya miguu, kama kalamu iliyochomekwa mfukoni. Umenyooka. Nimehesabu pingili nne.

Vitone vya kung'aa sijaviona. Nimeangalia wadudu sita, wote wana macho mawili makubwa ya pembeni basi.

Tumbo ndilo lililonishangaza. Kumbe chini ni pazuri namna hii! Kila pingili ina mkanda mweupe kama chokaa unaofuatana na mwekundu, na nyuma ya kichwa kuna kola nyeupe nyembamba. Kutoka juu huoni yote hayo. Urefu ni kati ya theluthi na nusu ya njiti ya kiberiti.

Nimewakuta pia juu ya buyu lililopasuka. Wamezunguka mbegu moja kama watu kwenye sinia la pilau, kila mmoja mrija umezama ndani.

Mwalimu wa Mikindani

Marahaba. Umefanya kazi nzuri, na sasa naweza kusema bila kusitasita: hao ni kangambili, jenasi ya Dysdercus.

Vile vitone vya kung'aa nilivyokuuliza ni vijicho, na ndivyo vilivyofunga mjadala. Kunguni wengine wekundu wa kwenye nyasi, kwa mfano Spilostethus pandurus, ni wa ukoo wa Lygaeidae, na hao wana vijicho viwili juu ya kichwa kama punje mbili za kioo. Spilostethus ana pia doa jeupe kwenye sehemu laini ya bawa. Kangambili ni wa ukoo wa Pyrrhocoridae, hana vijicho kabisa. Ongeza kola nyeupe, mikanda myeupe tumboni na ile tabia ya kuungana nyuma kwa nyuma kwa saa nyingi, picha inakamilika.

Spishi yake sitaitaja kwa picha hii. Afrika Mashariki wapo kadhaa: Dysdercus fasciatus, D. nigrofasciatus, D. cardinalis na wengine. Kwa kuwa wako chini ya mbuyu mawazo yanakwenda kwa D. fasciatus, maana mbuyu ni mti wake mkuu, lakini kumthibitisha kunahitaji mtu amshike mkononi.

Chakula chake ni mbegu, na anapenda mimea ya ukoo mmoja: pamba, bamia, mbuyu, msufi, rozela, na magugu mengi ya pembeni ya njia yenye maua yanayofanana na ya bamia. Ndiyo maana shamba lako wamelipenda, mbuyu nyuma na bamia mbele. Kwa bamia changa za mboga madhara yake si makubwa. Kwa bamia ulizoacha zikauke upate mbegu ni makubwa, kwa sababu anaichoma mbegu, anainyonya, na kinachobaki ni ganda. Naamini hapo ndipo mbegu zako za mwaka jana zilipokwenda.

Yai hutagwa kwenye udongo au chini ya majani makavu. Kitoto kinajivua ngozi mara tano mpaka kuwa mkubwa, na hakuna hatua ya buu wala ya kulala kama kipepeo. Wale wadogo wasio na mabawa ni watoto wa haohao.

Jina lake la Kiingereza linasema ni mchafuaji wa pamba. Anapochoma kitumba, yaani tunda la pamba, anaingiza kuvu anayeitwa Eremothecium gossypii, nyuzi zinageuka rangi ya manjano au kahawia na pamba inashuka daraja. Kuvu huyohuyo leo anafugwa kwenye matangi ya viwandani kutengeneza vitamini B2. Huwa nawaambia wanafunzi jambo hili na hawaniamini mara ya kwanza.

Nanguruwe Kwetu

Nimekubali mwalimu, dundu nafuta kauli. Ila sisi kusini hatulimi pamba. Huyu wa pamba anakaa huku kufanya nini?

Mwalimu wa Mikindani

Swali zuri. Kwamba hatulimi pamba Mtwara, Lindi na Ruvuma ni kweli, na sababu yake ni mdudu mwingine, funza mwekundu wa vitumba. Kilimo cha pamba kilizuiwa kusini ili funza huyo asipande kwenda Kanda ya Ziwa. Lakini kangambili hakuletwa na pamba. Mibuyu ilikuwapo kabla ya shamba lolote la pamba, na yeye alikuwa anakula chini yake. Pamba ilimkuta hapa.

Babu wa Newala

Wanangu, nawasoma tangu jana. Mimi nina mikorosho huku Newala na macho yangu si ya kuangalia vidudu tena. Naomba nijue, huyo mwekundu ndiye anayetuunguzia machipukizi? Kuna mwaka machipukizi yalikauka kama yamepitiwa na moto, tukapuliza salfa mara mbili na haikusaidia kitu.

Mwalimu wa Mikindani

Shikamoo babu. Si huyu. Dalili ulizosema ni za mbu wa mikorosho, Helopeltis. Naye ni kunguni japo tunamwita mbu, mwembamba sana, vipapasio virefu kupita mwili wake. Alama yake haifichiki: mgongoni ana kitu kama pini iliyosimama, yenye kichwa kidogo juu. Hakuna mdudu mwingine wa korosho utakayemkuta na pini hiyo. Anachoma chipukizi laini, panapochomwa panatokea kidonda cheusi kirefu, kisha chipukizi linakauka.

Salfa haikusaidia kwa sababu salfa ni ya ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu. Mdudu huyu salfa haimsumbui.

Babu, kwenye mikorosho yako majimoto wapo?

Babu wa Newala

Marahaba mwanangu. Walikuwapo wengi, wale wa kushona majani. Vijana waliwaunguza viota kwa sababu wanawang'ata wakati wa kuokota korosho.

Mwalimu wa Mikindani

Basi babu waambie vijana wawaache mwaka huu. Majimoto (Oecophylla longinoda) ndio walinzi wa mkorosho. Wanawinda mbu wa mikorosho na yule kunguni wa minazi pia, mchana kutwa. Mti wenye viota hai vya majimoto huwa na vidonda vichache. Angalia tu shinani kusiwe na sisimizi wadogo wa kahawia wanaotoka ardhini, Pheidole, maana hao wanapigana na majimoto na kuwafukuza.

Mkulima wa Lukuledi

Mwalimu, narudi na jambo lililonikosesha usingizi.

Leo asubuhi niliwachukua kangambili kama thelathini kwenye beseni nyeupe, nataka kuwahesabu wakubwa na wadogo. Nilipowageuza mmoja mmoja nikakuta mmoja hafanani na wenzake. Kwa juu ni yuleyule. Nyekundu ileile, mkanda mweusi mahali palepale, urefu umezidi kidogo. Ningempita mara mia. Lakini kichwa chake ni kirefu na chembamba, nyuma ya macho kimebanwa kama shingo ya chupa. Kangambili kichwa chake kimekaa kama pembetatu iliyoingia kifuani, shingo haionekani.

Mrija nao ni tofauti. Haulali juu ya kifua. Ni mfupi, mnene, umepinda kama ndoano ya samaki, ncha yake imerudi katikati ya miguu ya mbele. Pingili ni tatu.

Nimemtenga peke yake kwenye chupa. Ni nani huyu?

Fundi Simu Masasi

Labda ni dume mkuu. Wadudu wengi dume na jike hawafanani.

Mwalimu wa Mikindani

Ndugu Fundi, dume na jike wa spishi moja wanaweza kutofautiana ukubwa na rangi, lakini kwa wadudu wa namna hii hawawezi kuwa na midomo ya aina mbili. Mrija wenye pingili nne ulionyooka na mrija wenye pingili tatu uliopinda ni koo mbili tofauti.

Mkulima, mrudishe ulikomtoa, na usimguse kwa kidole, anachoma na maumivu yake si madogo. Huyo ni Phonoctonus, wa ukoo wa Reduviidae, kunguni wauaji. Chakula chake ni kangambili.

Nimefundisha viumbe hai miaka mingi na nimewaona wachache sana kwa macho yangu, kwa sababu wanakaa katikati ya kundi wakiwa wamevaa rangi ya kundi. Kangambili hawatawanyiki anapopita. Watoto wake pia ni wekundu na wanakulia humohumo. Kila aina ya Phonoctonus huwa na mavazi yanayokaribiana na kangambili wa eneo lake, kwa hiyo usije ukaamini rangi hata siku moja. Amini shingo na mrija.

Na hapa nakuuliza jambo, usinielewe vibaya. Mwaka jana ulipopuliza ukanda wote, ulipuliza nani?

Mkulima wa Lukuledi

Nimelisoma swali lako mara nyingi mwalimu. Niliwapuliza wote. Nakumbuka nilizoa wafu kwa ufagio na sikumwangalia hata mmoja chini. Kangambili walirudi kutoka kwenye mbuyu na magugu ya jirani. Hawa wengine sijui walirudi wangapi.

Nilimrudisha jana saa kumi na moja. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi nikamfuatilia kwa lenzi, na ninaandika hapa kwa sababu sidhani kama nitaona tena kitu kama kile.

Alitembea polepole, hatua mbili, anasimama. Kangambili wawili wakampita juu ya mgongo. Mtoto wa kangambili akasimama mbele yake akigusagusa ganda la buyu kwa vipapasio. Yule akainua kichwa, mrija ukafunguka kutoka chini kama kisu cha kukunja, ukaingia pale shingo inapokutana na kifua. Mtoto alipiga miguu mara tatu nne, akatulia. Wenzake waliokuwa pembeni, umbali wa punje ya mchele, waliendelea kula. Hakuna aliyekimbia.

Alimnyonya kwa zaidi ya nusu saa. Alipomwachia, kilichobaki kilikuwa ngozi nyekundu tupu, nyepesi, upepo ukaiviringisha.

Mwalimu wa Mikindani

Asante sana kwa kulala kifudifudi kwa niaba yetu. Anachofanya pale ni kuingiza mate yenye sumu inayolegeza mwili na kuyeyusha nyama ya ndani, kisha ananyonya. Ndiyo maana inabaki ngozi.

Ukiweza, weka picha zako iNaturalist pia, ile tovuti ya watu kuweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua: ya juu, ya ubavu na ya chali, na utaje eneo. Picha za wadudu wa Lindi na Mtwara ni chache kule, watu wanapita kwetu wakitafuta mabaki ya dinosaria wa Tendaguru, wadudu wa juu ya ardhi hawawaangalii.

Mama Mbaazi

Jamani na mimi naomba msaada, nipo Nachingwea. Kwenye maganda ya mbaazi nina sisimizi weusi, wanakimbia kama sisimizi, lakini nikiwaangalia hawabebi kitu wala hawana njia. Na mbaazi zinanyauka ndani ya ganda. Sisimizi wanakula mbaazi?

Mwalimu wa Mikindani

Dada, mgeuze mmoja kama alivyofanya mwenzetu. Sisimizi ana meno ya kubana yanayofunguka pembeni, na vipapasio vyake vimekunjwa katikati kama kiwiko. Ukikuta mrija chini ya kichwa na vipapasio vilivyonyooka, hao ni watoto wa kunguni wa maganda, Riptortus au Mirperus. Wakiwa wadogo wana umbo la sisimizi kabisa. Wakikua wanakuwa wembamba wa kahawia, miguu ya nyuma minene yenye miiba, na wanaruka haraka ukisogea.

Mama Mbaazi

Mrija upo! Nimewageuza watano, wote wanao. Na wale wa kahawia wenye miguu minene ninao, nilidhani ni wadudu wengine kabisa. Asante sana mwalimu, siku zote nilikuwa namwaga majivu kwenye vichuguu vya sisimizi wasio na kosa.

Nanguruwe Kwetu

Sasa mkulima bamia zake afanyeje? Maana muuaji mmoja kati ya thelathini hawezi kumaliza mamia.

Mwalimu wa Mikindani

Hawezi kumaliza, na kwa kawaida mwindaji hamalizi mawindo yake. Cha kufanya ni kumpunguzia kangambili chakula bila kumuua huyu. Mabuyu yaliyodondoka yaokotwe kila baada ya siku chache, hasa yaliyopasuka. Magugu ya jamii ya bamia yang'olewe pembeni ya bustani. Bamia za mbegu ziwe chache na zifungwe kwa kitambaa chepesi cha chandarua tangu ganda linapoanza kukomaa.

Kuna na njia ya zamani ya kuwatega: ponda mbegu za buyu, ziweke rundo dogo mahali penye kivuli, watakusanyika wenyewe. Asubuhi unawazoa. Ila kabla ya kuwaua kwa maji ya moto, wamwage kwenye beseni nyeupe na uwapekue.

Mkulima wa Lukuledi

Taarifa baada ya wiki mbili.

Mafungu sita ya mbegu za buyu yamewekwa kati ya mbuyu na bamia. Kila asubuhi mpwa wangu wa darasa la tano anakuja na beseni kabla ya kwenda shule. Yeye hatumii lenzi, macho yake ni makali, anaangalia shingo tu. Mwenye shingo anamwinua kwa kijiti na kumrudisha kwenye nyasi. Mpaka leo ameshawarudisha kumi na mmoja, na wanne kati yao ni watoto wasio na mabawa.

Bamia za mbegu nimefunga maganda ishirini kwa vipande vya chandarua kilichochanika. Jana nilifungua moja kujaribu. Mbegu ni nzito, za kijivu, zimejaa, hakuna iliyosinyaa.

Bibi ameuliza kwa nini tunaokoa wadudu. Nikamletea chupa, nikamshikia lenzi ya fundi saa jichoni, nikamwonyesha shingo na ndoano. Akaangalia kwa muda mrefu. Akasema hao aliwaona tangu utoto wake, wanakaa na kangambili, na mama yake alikuwa anawakataza kuwashika kwa sababu wanachoma. Hakujua kwamba wanawala.

Nyasi za chini ya mbuyu sizifyeki mwaka huu. Lenzi nimemrudishia fundi, na nimemwagiza aniletee ya kwangu akienda Lindi mjini.